Mkimbizi akifia Marekani: mwili urudi kwao, au azikwe hapa na pesa zimsaidie mjane?

Mweka hazina, Iowa

Ndugu zangu, nimengoja matanga yaishe ndipo niandike, mtu asije akasema namsengenya marehemu. Wiki tatu zilizopita tulimzika kijana wetu, mzaliwa wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Alikuwa anatoka zamu ya usiku kiwanda cha nyama, gari likateleza kwenye barafu. Ameacha mke, watoto watatu, na deni la tiketi ya ndege ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ile tuliyopandia sote kuja huku, alilokuwa akilipa kidogo kidogo kila mwezi.

Daftari la mchango nililishika mimi. Ahadi zilifika dola 15,600. Zilizoingia ni 10,900. Kabla hata hazijaingia tulishaanza kugombana: wajomba wa Texas wanataka mwili ukalale Fizi, sisi wa hapa tunasema azikwe hapa. Siku tano maiti iko kwenye jokofu, sisi tunapigiana simu usiku kucha.

Msimamo wangu ni huu: mkimbizi azikwe alipofia, na hesabu ya mchango ianzie kwa mjane, jeneza lifuate.

Anayebisha anionyeshe kwanza njia. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa. Februari ikafuata Bukavu pamoja na uwanja wa Kavumu. Desemba wakaingia Uvira, na Uvira ndio mlango wa Fizi. Utasema tupitie Dar es Salaam, kisha Kigoma, kisha boti la Ziwa Tanganyika. Sawa, nani atausindikiza? Mwenye hati ya safari ya mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama kweli bado anaiogopa. Wazazi wa marehemu nao wako Nyarugusu, na kambini hutoki bila kibali. Mwili ungefika Fizi ukapokewa na nani?

Patrick Lyoya, kijana wa Kongo aliyeuawa kwa risasi ya polisi Grand Rapids tarehe 4 Aprili 2022, alizikwa hukohuko Michigan. Hakuna aliyesema wazazi wake hawakumpenda.

Halafu bei. Chama cha wenye kampuni za mazishi cha Marekani, NFDA, kilitaja dola 8,300 kuwa gharama ya kati ya mazishi mwaka 2023, na hapo kiwanja cha kaburi hakimo. Sisi tulikwenda watu tisa, macho mekundu, tukaonyeshwa jeneza la kwanza, tukasaini. Baadaye ndipo binti mmoja wa kanisani akatuambia ipo sheria ya mwaka 1984 inayowalazimisha watoe orodha ya bei, kitu kimoja kimoja, na wakutajie bei hata ukiuliza kwa simu, na hawawezi kukataa jeneza ulilonunua kwingine. Tungejua! Kampuni ilichukua 7,400, kaburi na kuchimba 2,100, chakula 250. Zimebaki 1,150 za mama mwenye watoto watatu.

Mjomba, Texas

Mdogo wangu, pole kwa kazi ya daftari. Ila usituhesabie kilio kama unahesabu kreti za soda.

Mwaka 1996 tulipokimbia, tuliacha watu wetu njiani bila kuwazika. Mama yangu mdogo tulimfunika kwa majani ya migomba, tukaendelea kutembea. Sasa Mungu akinipa nafasi ya kumzika mtoto wa dada yangu kama mtu, unaniambia nauli ni ghali?

Na hilo kaburi lenu la Iowa, nani atalitunza? Leo mko hapo, kesho mkisikia kiwanda cha Kentucky kinalipa dola mbili zaidi mnapakia magodoro. Mimi mwenyewe nimeishi majimbo matatu. Kaburi litabaki na Wazungu wasiojua hata kulitamka jina lake.

Huyo wa Grand Rapids usimlete hapa. Alililiwa na dunia nzima. Wetu ana sisi tu.

Mama, Kentucky

Baba Mjomba, heshima yako. Niseme kidogo.

Mume wangu alisafirishwa mwaka 2018, njia zikiwa bado wazi. Mwili ulifika salama, ng'ombe akachinjwa, picha nililetewa nzuri kabisa. Mwezi uliofuata mwenye nyumba akabisha hodi anataka kodi. Nikampigia mwenyekiti wa kamati, simu inaita tu. Kama kuna kilichobaki kwenye ule mchango, sikukiona, wala sikusomewa hesabu.

Nimewasoma wote. Wajomba wanataka, kamati inataka. Mke anataka nini? Majimbo mengi huku, kama marehemu hakuacha maandishi, sheria inampa mke neno la kwanza kuhusu mwili. Mlimuuliza?

Mchangiaji, Arizona

Mimi siingii kwenye ya kusafirisha. Nauliza tu kwa nini tunaendelea kuchangisha kwa GoFundMe, ule mtandao wa michango. Wanakata asilimia 2.9 na senti 30 kila mchango. Anayetoa dola 5, karibu senti 45 haimfikii mfiwa. Kila familia itoe dola 10 kwa mwezi, msiba ukute pesa ipo. Nishasema hivi misiba mitatu.

Mjomba, Texas

Hizo za kila mwezi zikae akaunti ya nani? Hapo ndipo kila mutualite, chama cha kusaidiana, inapofia.

Kijana, Nyarugusu

Habari za huko. Mazishi tuliyafuata kwa simu ya jirani, bando likakata jeneza likiwa bado juu. Mama yake hajui kama alishushwa vizuri. Anaomba picha ya kaburi, hata moja. Aliambiwa inakuja.

Mweka hazina, Iowa

Mama wa Kentucky, hatukumuuliza. Nilikwenda kwake mara nne wiki ile, kila mara kuchukua karatasi ya kusainiwa, na kila mara alikuwa chumbani na wanawake wakimshika. Jana nimerudi na zile 1,150. Akaniambia angependa azikwe hapahapa, ila angechagua jeneza la bei ndogo.

Mjomba, la kuhama sina jibu. Ni kweli tunahama.

Ahadi za 4,700 bado ziko nje. Majina ninayo, sitayasoma hadharani. Mwenye ahadi anajijua.

Mdogo wangu wa Nyarugusu, mwambie mama anisamehe. Theluji imefunika kile kibao cha muda chenye jina. Jumamosi nakwenda na koleo, nikishakifukua napiga picha na kukutumia wewe moja kwa moja.