Ushauri: nani asubiri kwenye mtandao wetu wa pamoja?

MtunzaAntena
Wakuu, nasimamia waifai ya pamoja: nyumba 11, laini moja, kasi ya kupakia megabiti 10. Jioni simu za video zinakatika na lawama zote zinaniangukia mimi. Nataka data nzito isiyo na haraka ikae nyuma, ipite pakiwa na nafasi. Nianzie wapi? Usingizi umenipaa.

Fundi_Mnara
Weka CAKE, kipanga foleni ya data, kwenye OpenWrt (mfumo huru wa kuendesha ruta), kasi iwe chini kidogo ya ile ya laini. Foleni ikijaa ndani ya modemu huna cha kupanga. Lazima ijae kwenye ruta yako. Data ya kusubiri ipe alama 8 (DSCP, namba ndani ya pakiti inayoonyesha daraja lake; 8 ni ya kukaa nyuma). Alama mpya ya kukaa nyuma ni 1, ya RFC 8622 (waraka wa viwango vya intaneti) ya 2019, ila vifaa vingi vya waifai husoma biti tatu za mwanzo za alama tu, hivyo 1 huonekana kama data ya kawaida.

Bi_Mtulivu
Kwetu foleni haikuwa na kosa. Nyumba moja ilikuwa mbali, kasi ya antena yake ikashuka hadi megabiti 1. Hapo pakiti ya baiti 1500 inashika hewa milisekunde 12, na ikishaanza kurushwa, hata yenye haraka inangoja. Tulisogeza antena, kelele zikaisha. Mama wa nyumba ile hunishukuru hadi leo.

Kaka_Swali
Mkuu, hiyo data nzito ni ya nani?

MtunzaAntena
Ya nyumba mbalimbali.

Kaka_Swali
Zipi?

MtunzaAntena
Sawa. Kubwa ni yangu. Napeleka nakala za video zangu za kazi kwenye seva ya mbali, terabaiti 2. Tangu wiki iliyopita nimeipa kipaumbele cha juu, wengine wote nimewapa alama 8. Lakini mnara uko kwangu, umeme wangu, na usiku ni mimi napanda. Sijawahi kulipwa.

Mzee_Amana
Kijana, hiyo ni amana. Watu wamekukabidhi ufunguo, nawe unawafungia nje.

Hesabu_Kwanza
Hii chai. Terabaiti 2 kwa megabiti 10 ni siku 18 na zaidi bila kupumzika. Simu zingekatika mchana kutwa, siyo jioni tu.

MtunzaAntena
Siyo chai! Naiwasha saa 12 jioni nikirudi kazini, naizima saa 6 usiku. Imefika asilimia 8.

Hesabu_Kwanza
Saa sita kila siku, kwa siku 7... inakubali. Nafuta neno langu.

Fundi_Mnara
Basi geuza: yako ndiyo iwe 8, wao wabaki kawaida, na uianze saa 6 usiku. Ukipata programu yenye LEDBAT, njia ya kutuma data ya RFC 6817 wanayotumia BitTorrent (wale wa kugawana mafaili), hujirudisha nyuma yenyewe ucheleweshaji ukipanda.

MtunzaAntena
Alama nazigeuza usiku huu. Kuziambia nyumba 10, hapo bado sijaamua.

Kaka_Swali
Wakikuuliza mbona leo simu hazikatiki, utasemaje?