Wakuu naombeni ushauri: kwadi ya kuwindia na kukata pori, nichukue cc 420 au nijilipue na 700?

Mfuata Nyayo (mwenye uzi)

Wakuu habari za muda. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimekwama nikaona niwasumbue wenye mashine zao.

Natafuta pikipiki ya magurudumu manne kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuwinda. Kibali ninacho, nawinda kwa msimu, na shida yangu haijawahi kuwa kufika porini, shida ni kutoka na nyama. Msimu uliopita tulibeba dume la kulungu mgongoni, watu wawili, mwendo wa saa nne nzima kwenye bonde lenye mawe yanayocheza chini ya kiatu. Kesho yake nilishuka kitandani kwa magoti. Kazi ya pili ni starehe tu: vilima, mchanga, tope kidogo mwisho wa wiki.

Mezani nimebaki na mbili, Honda Rancher 420 na Yamaha Grizzly 700. Kichwa kinasema 420, moyo unasema 700. Mimi nina kilo 92. Nina kijana wa miaka 14, nategemea atakuwa anapanda nyuma yangu, na siku mojamoja namwachia ashike mwenyewe.

Karibuni, hata wa kunikosoa.

Gia Tano

700. Nguvu haiozi mkuu. Ukinunua ndogo utauza baada ya mwaka ukanunue kubwa.

Mama Matope

Nguvu haiozi, ila inalalia watu.

Ndugu mwenye uzi, kabla hujachagua cc tuambie mambo haya: njia unayopita ina upana gani pale penye kubana, mlima mkali kuliko yote unapanda au unakatiza ubavuni, na huwa uko peke yako au na mwenzio? Nauliza kwa sababu Grizzly 700 ikiwa na mafuta inazidi kilo 300. Rancher ya 4x4 inacheza kati ya 260 na 290 hivi kutegemea toleo. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Ikiwa imelala ubavu kwenye korongo na uko mwenyewe, hizo kilo utazihesabu mojamoja.

Halafu porini na mzigo unaenda mwendo wa mtu anayetembea. Sijawahi kukwama kwa kukosa cc. Nimekwama kwa tairi, kwa tumbo kukaa juu ya jiwe, na mara moja kwa ujinga wangu wa kuvuka maji bila kuyapima na fimbo.

Fundi Mkimya

Naingilia kama fundi. Wengi mnaangalia cc, mimi naangalia vitu viwili: nguvu inafikaje kwenye tairi, na nyuma pamefungwaje.

Nyingi za hizi otomatiki zinatumia mkanda wa mpira unaobanwa kati ya puli mbili. Ukikanyaga mafuta puli zinabadilika kipenyo, ndiyo maana huhisi gia. Tamu sana kuendesha. Ubaya wake ni kwamba mkanda unachukia vitu viwili, maji na joto. Maji yakiingia kwenye kava unateleza, injini inapiga kelele na mashine imesimama. Joto linatokana na tabia ya dereva: anapanda mlima na mzigo akiwa gia ya juu, taratibu, mkanda unasuguana na puli hadi unanuka mpira. Ukisikia harufu hiyo umeshachelewa. Kupanda, kuvuta na kutambaa kwenye mawe ni kazi ya gia nzito (ile ya chini, ya mwendo mdogo), basi. Yamaha wana mpango wao, klachi tofauti inayouacha mkanda ukiwa umebanwa muda wote, na mashine inashikwa na injini vizuri ukiteremka. Kwa mtu anayeshuka bonde na nyama nyuma, hilo la kushikwa na injini lina thamani kubwa kuliko nguvu za farasi kumi za ziada.

Rancher haina mkanda kabisa. Ni gia za kweli ndani ya oili, unabadili kwa mguu, kwa kitufe, au inajibadilisha yenyewe kwa matoleo yenye klachi mbili. Inagonga kidogo ikibadili, wengine hawaipendi. Mimi wateja wangu wenye gia hizi siwaoni mara kwa mara, jambo ambalo kibiashara linaniudhi.

Sasa nyuma. Kuna ekseli moja nzima inayounganisha tairi mbili, na kuna kila tairi na mkono wake. Ekseli nzima haibonyei ovyo ukipakia, na ukikatiza ubavu wa mlima mashine haikulalii sana. Lakini ile nyumba ya difu inaning'inia chini katikati, ndiyo inayokutana na jiwe. Yenye mikono huru inakaa juu zaidi, mgongo wako utashukuru, ila raba zinazofunika joint za ekseli ni nyingi, na raba ikichanwa na mwiba leo, mchanga unakula joint mwezi ujao. Rancher inapatikana kwa namna zote mbili, kwa hiyo mtu akikwambia "nina Rancher" bado hajakwambia kitu.

Gia Tano

Fundi umemaliza. Bado nasema 700 lakini nasema kwa sauti ndogo.

Keria ya Nyuma

Hakuna aliyegusa mzigo na ndiyo hoja ya mwenye uzi! Keria ya nyuma ya Rancher imeandikwa kilo 60, ya mbele 30. Grizzly ni 90 nyuma na 50 mbele. Kuvuta trela, Rancher ni kilo 385, Grizzly 600. Dume zima la kulungu juu ya keria ya kilo 60 unaweza kuwa tayari umevuka, hujaweka maji, kamba wala msumeno.

Katikati hapo kuna Honda Foreman na Rubicon za 520. Mbele 45, nyuma 85, kuvuta 600, na bado ni gia, hakuna mkanda. Foreman ya kawaida ina ekseli nzima nyuma, Rubicon ina mikono huru. Mimi ningeanzia hapo.

Nikupe na kisa. Nilifunga mnyama mzima nyuma, juu kabisa ya keria, nikajiona mjanja. Kilikuja kichuguu cha kama mita tano, hata mlima si mlima. Nilivyotia mafuta, mbele ikanyanyuka polepole, kwa adabu kabisa, hadi nikaona anga kati ya mishikio. Niliruka kushoto. Mashine ikapinduka ikakaa kichwa chini, tairi zinazunguka, nyama iko chini yake. Haikuwa kosa la mashine. Siku hizi nakata vipande vinne, vizito nakalisha chini kabisa na karibu na mgongo wangu, viwili vidogo vinakwenda mbele. Na ukipanda mlima, mwili wako uinamie mishikio.

Mama Matope

Nakuja kwa kijana, maana naona mmemruka.

Kwadi ya kawaida ni ya mtu mmoja. Kile kiti kirefu si cha abiria, ni cha dereva kusogea mbele anapopanda, nyuma anaposhuka, pembeni anapokatiza. Ukimweka mtu nyuma umeziba nafasi yako ya kujiokoa na umeongeza uzito nyuma ya ekseli, yaani kisa cha Keria hapo juu bila nyama. Zipo zilizotengenezwa kwa wawili, mfano Can-Am Outlander MAX, ni ndefu zaidi na kiti cha nyuma kina mgongo na pa kushika. Kama safari zenu ni za wawili kila mara, tafuta hiyo.

Na kumwachia aendeshe, kibandiko cha onyo kwenye mashine za ukubwa huu kinasema chini ya miaka 16 hapana. Si urasimu. Mtoto wa kilo 50 hawezi kuivuta mashine ya kilo 300 kwa uzito wa mwili wake inapoanza kuegemea. Mnunulie ya umri wake na kofia ngumu ya saizi yake, si yako iliyojazwa kitambaa.

Kobe wa Zamani

Mmenikumbusha mbali. Sisi tulianzia za tairi tatu, zile Honda alizitoa mwaka 1970, tairi kama maputo. Ilikuwa ukikata kona kwa kasi unaiona kona, halafu unaiona ardhi. Marekani waliacha kuuza mpya mwaka 1988 baada ya watu kuumia sana. Hivyo vijana mkilalamika kwamba ya tairi nne inayumba, mimi nacheka tu.

Kwa kuwinda: usiende nayo hadi kwenye nyayo. Iache mbali, walau kilomita moja, upepo ukitoka kwa mnyama kuja kwako, kisha tembea. Glavu za kujazia mafuta zibaki kwenye mashine, petroli inanuka kuliko wewe. Bunduki isafiri bila risasi, ndani ya mkoba wake, imefungwa kwenye mashine na si begani. Mtikisiko unachezea darubini, hivyo hakikisha shabaha yako kabla ya msimu. Na kumkimbiza mnyama na mashine au kupiga ukiwa juu yake, nchi nyingi ni kosa, hata pasipokuwa na sheria ni aibu.

Mfuata Nyayo (mwenye uzi)

Nimesoma yote, mara mbili. Mama Matope, umenikalisha chini kwa habari ya kijana, nimekubali. Nyuma yangu hapandi.

Nilikwenda na futi ya kupimia hadi kwenye lile bonde. Penye kubana kati ya miamba ni sentimita 138. Zile za viti viwili kando kwa kando, zenye paa la vyuma na mikanda, nyingi zina 150 na kuendelea, kwa hiyo hazipo tena kwenye hesabu. Kwadi zina kama 120, zinapita. Ubavu wa mlima nakatiza kama mita 200, mawe makubwa ni sehemu mbili tu. Huwa tuko wawili, lakini mashine moja.

Nimeegemea kwenye 520 ya ekseli nzima. Kuna mtu anauza iliyotumika, naenda kuiona. Niangalie nini?

Fundi Mkimya

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameficha jinsi inavyowaka asubuhi.

Fungua boksi la filta ya hewa chini ya kiti. Hapo hapaoshwi na watu wa kung'arisha, ndipo ukweli unapokaa. Vumbi upande wa ndani wa filta maana yake injini imekula mchanga. Tope kavu humo maana yake imezamishwa. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, rudi nyumbani. Nyanyua mbele, shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, beringi au boli za mikono zimekwisha. Chunguza raba zote za joint na mwanga. Washa 4x4 uone tairi za mbele zinavuta kweli, si taa tu kuwaka.

Soma saa za injini pamoja na kilomita. Saa 300 na kilomita 2,400 ni wastani wa nane kwa saa, hiyo imefanya kazi taratibu, si mbaya. Saa 300 na kilomita 150, mtu kakata waya au kabadilisha geji.

Mama Matope

Na kipimo cha upepo. Tairi za hizi zinakaa psi 4 hadi 7, kipimo cha gari hakisomi huko chini, kinakudanganya tu. Nunua cha upepo mdogo. Ukijaza psi 20 kama ya gari, inaruka kwenye mawe kama mpira.

Winchi ya kujivuta ukikwama weka, kwa uzito huo ya ratili 2,500 inatosha, ya 3,500 inakupa nafasi. Kamba ya nyuzi, si ya chuma. Ya chuma ikikatika inakurudia usoni.

Mfuata Nyayo (mwenye uzi)

Mrejesho. Nimeikuta injini ya moto. Jamaa akasema "nilikuwa naisogeza tu kutoka kivulini". Nikafungua kiti. Filta mpya kabisa, inang'aa, lakini kwenye kona ya boksi, nyuma ya kibanio, kulikuwa na jani kavu limegandia kwenye tope. Oili sikuigusa hata. Nimeagana naye vizuri.

Fundi Mkimya

Jani! Filta kabadili, boksi hakufuta. Umeokoka.

Gia Tano

Mwenye uzi, kuna 700 moja naijua, ya mtu mtaratibu...

Mfuata Nyayo (mwenye uzi)

Gia Tano umeanza. Nipe namba zake faragha, lakini mwambie asiiwashe.