Jiji la Tanga: wenyeji ni wangapi na waliokuja ni wangapi?

Binti Pongwe

Habari za usiku wakuu. Nina jambo linaniuma, naomba wenye kujua mnisaidie.

Juzi tulikuwa Makorora kwenye arobaini ya shangazi. Wanawake tumekaa tunachambua mchele, mama mmoja wa pale mtaani akaniuliza kabila langu. Nikamwambia babu yangu ni Muha wa Kasulu. Akasema, "Aa, kumbe nyie ni wa kuja." Hakusema kwa ubaya, na mazungumzo yakaendelea, lakini mimi nilibaki na ungo mkononi sina la kusema.

Babu aliletwa Tanga kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, mwanzoni mwa miaka ya 50. Amekata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Baba kazaliwa kambini, mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, wanangu wawili pia. Kaburi la babu liko Pongwe. Huko Kasulu sijawahi kufika hata siku moja.

Sensa ya 2022 imetoa watu 393,000 na ushee kwa jiji letu, wakati ile ya 2012 walikuwa 273,000 hivi. Sasa nauliza: katika hao, Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua ni wangapi, na sisi tulioletwa na mkonge ni wangapi? Nataka namba, maana maneno nimeyasikia ya kutosha. La pili: kama watu wameongezeka hivyo, mbona wazee wanasema Tanga imekufa?

Karani wa Sensa

Dada, pole. Mimi nilikuwa karani mwaka 2012, nakueleza nilichokifanya kwa mkono wangu.

Hiyo namba ya makabila huipati. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchi hii ni ya 1967. Kuanzia 1978 hadi hii ya 2022 hakuna kabila wala dini. Tulichouliza ni nani amelala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa, umri, jinsi, elimu, kazi, na kwenye dodoso refu mkoa aliozaliwa. Baba yako aliyezaliwa kambini anaandikwa Tanga. Yule mama wa Makorora naye anaandikwa Tanga. Hakuna safu ya "wa kuja".

Kuhusu mji kufa: mwaka 1967 Tanga ilikuwa mji wa pili Tanzania Bara baada ya Dar, watu kama 61,000. Mwanza walikuwa kama 35,000, Arusha 32,000. Leo Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma wote wametupita mbali. Kwa hiyo hatukupungua, wenzetu ndio walikimbia. Mkonge uliporomoka bei nailoni zilipoingia sokoni, na mji wote ulikuwa umeegemea hapo: reli, bandari, maduka ya Ngamiani.

Halafu angalia mipaka. Ile 61,000 ilikuwa mji wenyewe. Hii 393,000 ni halmashauri nzima, ndani yake mna Tongoni, Kirare, Marungu, Mabokweni. Huko kuna mashamba na ngalawa. Usizilinganishe moja kwa moja.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, mimi nimekulia Ngamiani, barabara ya 12, na hao manamba nimewaona kwa macho. Siku ya mshahara malori yanawashusha, mji unajaa. Wamakonde na chale zao usoni, Wanyamwezi, Wabena, Waha, Warundi. Kila mmoja na lugha yake, wakikutana dukani wanasema Kiswahili. Marehemu baba yangu alikuwa anawauzia mashuka, na mengine aliwakopesha mpaka kipande kijae. Kipande ni kadi ya siku 30 za kazi, mshahara hautoki mpaka zitimie.

Sasa sikiliza. Wengi waliletwa wanaume peke yao, wake wamebaki huko bara. Mkataba ukiisha, wengine walirudi. Mji huu unaitwa Waja Leo Waondoka Leo, na kweli wengi waliondoka. Aliyebaki, mara nyingi alibaki kwa sababu ameoa hapa. Hebu niambie, bibi yako mzaa baba ni wa wapi?

Fundi Kuchomelea

Mimi natokea Kahama, nipo Chongoleani kwenye kazi ya bomba la mafuta linalotoka Hoima. Nimepanga Mabokweni. Mtoto wangu kazaliwa hapa mwezi wa nne, mama yake Mdigo. Dada, swali lako limenigusa, maana naona na huyu ataulizwa hivyo hivyo.

Binti Pongwe

Shikamoo mzee. Nimesoma swali lako nikaweka simu chini.

Bibi ni Mbondei wa Muheza. Alikuwa anauza maandazi kwenye njia ya kwenda korona, kile kiwanda cha kusindika mkonge, ndipo babu alipomwona. Kwao walimkatalia kwa sababu ya "mtu wa namba", wakamwita hivyo mpaka baba anazaliwa. Nimekua najua hadithi hii, na siku ya arobaini haikunijia hata kidogo, nikajibu kabila la babu tu kama nilivyozoea.

Na upande wa mama ni Wasambaa wa Bumbuli. Kwa hiyo nikihesabu bibi na babu zangu wanne, watatu ni wa mkoa huu. Karani, asante sana, nimeelewa kwa nini namba haipo. Hata ningekuwa mimi nashika dodoso, nisingejua nijiandike wapi.

Jumapili naenda Pongwe kwa baba. Anasema vipande vya babu bado vipo kwenye sanduku la bati, namba yake imeandikwa juu. Nitaipiga picha niiweke humu. Mzee, kama unakumbuka malori ya Pongwe yalishushia watu wapi pale Ngamiani, niambie, nataka nikasimame hapo na wanangu.