MREJESHO: sarafu kuukuu za bustani ya jiji, Marekani

Wakuu, niliuliza kama sarafu nilizochimbua kwa ditekta (kifaa cha kutambua metali ardhini) ni za fedha, na zisafishwe vipi. Asanteni, majibu yamesaidia sana.

Ya senti 10 ya 1964 ni fedha asilimia 90: gramu 2.5, na ukingoni haina mstari wa shaba. Za 1965 kuendelea ni shaba na nikeli, gramu 2.27. Fedha huoshwa kwa maji tu.

Kazi iko kwenye senti moja za shaba, maana mbolea ya nyasi huzila zikawa kijani. Ziloweke kwenye maji yaliyokenekwa (distilled water), badilisha yakichafuka, kisha ondoa uchafu taratibu kwa kijiti cha meno. Siki na dawa ya meno ni mwiko, huharibu uso na thamani hushuka. Senti ya 1943 inayonata kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa zinki. Hiyo usiiloweke, itashika kutu.

Kuchimba: kata nyasi pande tatu, kina sm 10, upande wa nne uache uwe kama bawaba. Ukikata zote nne, nyasi hukauka, na ndipo majiji huanza kunyima vibali vya kutumia ditekta. Hifadhi za taifa ditekta ni marufuku kabisa.