Pweza anajipakaje rangi asiyoiona?

tanboi_malaba: Wadau habari zenu. Mi ni tanboi, tunabeba mizigo Mombasa mpaka Kampala. Wiki jana tumekwama siku tatu tunangoja karatasi, nikashuka pwani maji yametoka nikakuta mzee anachokoa pweza kwenye miamba na fimbo ya chuma. Wallahi yule mnyama alikuwa kahawia kama jiwe, mzee kamtupa mchangani, sijapepesa jicho akawa mweupe madoamadoa, akarudi mwekundu. Mzee akacheka tu, eti we mtu wa bara. Sasa jana nasoma kwenye simu pweza haoni rangi!! Inakuwaje? Nielezeni polepole, huku kwetu tunajua samaki wa ziwani tu, mputa na ngege.

mwalimu_tororo: Ulichosoma ni kweli kaka. Jicho letu lina aina tatu za chembe za rangi, ubongo unazilinganisha ndio unapata huu mwekundu huu kijani. Pweza na ngisi karibu wote wana aina moja tu, yaani tivi ya zamani ya nyeusi na nyeupe. Mwaka 2006 kuna watafiti waliweka dome (ndugu wa ngisi) juu ya miraba ya bluu na njano yenye mwanga sawasawa, dome wakatulia kama wako kwenye sakafu isiyo na michoro.

Ngozi sasa ndio utamu. Kuna vifuko vya njano, nyekundu na kahawia, kila kimoja kina misuli pembeni, ubongo ukiamuru misuli inavuta kifuko kinatanuka, hata sekunde haiishi. Chini yake kuna tabaka la kurudisha mwanga tu. Kaa na shati jeupe chini ya turubai la bluu pale soko la Owino Kampala, shati litakuwa bluubluu na halina jicho; ndivyo tabaka hilo linavyochukua rangi ya pembeni bila pweza kuiona.

mama_kuku_jinja: Kwa hiyo hata kinyonga wa shambani kwangu ni kipofu wa rangi? 😂

mwalimu_tororo: Hapana mama, huyo anaona rangi kutuzidi. Tena mara nyingi anabadilika kwa hasira, baridi au kutafuta mke, si kujificha.

kijana_wa_maabara: Mwalimu usifunge mjadala. 2015 kule California watafiti walionyesha ngozi ya pweza iliyokatwa kabisa mwilini bado inatanua vifuko ikimulikwa. Halafu 2016 watafiti wakina Stubbs, baba na mwanawe, wakasema ile mboni ya ajabu ya pweza inafanya kila rangi ionekane wazi kwenye fokasi yake na nyingine ziwe na ukungu, so akicheza na fokasi anaweza kujua rangi.

mwalimu_tororo: Ya ngozi nakubali, ila protini ya kunusa mwanga ni ileile ya jichoni, inajua kuna mwanga, rangi haijui. Ya Stubbs ni hesabu nzuri lakini nionyeshe pweza aliyefaulu mtihani wa kutofautisha rangi kwa njia hiyo.

tanboi_malaba: Ngoja, mboni! Yule wangu alikuwa na mstari mweusi umelala katikati ya jicho, kama wa mbuzi. Sasa mbuzi naye?