Forester EJ20: nabadili taiming belti mwenyewe nyumbani, nimekwama katikati

kijana_wa_goba
Wakuu salama? Niko chini ya mwembe hapa home, mikono myeusi mpaka viwiko, naandika kwa kidole kimoja kwa hiyo mnivumilie.

Gari ni Subaru Forester ya 2003, injini ni EJ20 isiyo na tabo, ile ya kemu (mhimili unaofungua valvu) moja kila upande, gia otomatiki. Niliichukua kwa mtu mwaka juzi ikisoma 121,000 na sasa imegonga 139 na ushee. Nilimuuliza jamaa taiming belti (mkanda wa meno unaozungusha kemu kutoka kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini) ilibadilishwa lini akanijibu "iko poa tu hiyo", basi na mimi nikanyamaza kama mjinga. Juzi nimefungua kava la pembeni nikamulika na tochi, mkanda mgongoni una nyufa nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba na maandishi yote yamefutika.

Nilienda gereji moja fundi akaniambia acha gari na hela, njoo jioni. Nikamuuliza na beringi je, utabadili? Akasema "beringi nzima hizo bosi, zinazunguka vizuri kabisa". Sikupenda jibu lake nikaondoka, nikanunua seti nzima (mkanda, tenshena ya kuukaza, beringi zake tatu za kuuongoza, wota pampu) nikasema nafanya mwenyewe, nimeshabadili breki na shokapu sijafa.

Sasa nilipofika: kulanti (maji ya kupoza injini) nimemwaga, rejeta na feni zake nimetoa, mikanda ya nje nimetoa, imebaki puli ya krenki. Ile boliti ya katikati soketi ya 22 IMEGOMA, nimetia na bomba la maji kurefusha mkono wa spana, injini yote inazunguka nayo tu. Jirani anasema ufunge spana uiegemeze chini kwenye chasisi halafu upige starta kidogo itafunguka yenyewe. Hii ni salama?

La pili, nimeona picha mtandaoni, kwenye krenki kuna mshale na kuna kimstari. Napanga kipi juu?

La tatu, wota pampu ya zamani haivuji, niibadili kweli au nibaki na mpya kabatini?

spana_19
Rudisha gari kwa fundi mkuu. Hiyo sio breki. Ukikosea meno unaweza kujikuta unanunua injini.

mama_wa_SG5
@spana_19 huko kwa fundi ndiko mimi nilikokosewa 😂 Yangu ilibadilishwa mkanda peke yake, nikaambiwa vingine vyote vizima. Baada ya miezi kama minane natoka Chalinze naelekea Morogoro, nikasikia mlio kama mtu anatikisa mchanga ndani ya kopo, dakika mbili tatu hivi, halafu gari ikazima ikiwa kwenye mwendo na haikuwaka tena. Ilipofunguliwa mkanda ulikuwa bado mpya kabisa! Kilichokufa ni beringi moja ya chini, ikajam ikakata meno ya mkanda. Valvu zilipinda, nikanunua hedi (vichwa vya silinda) za mtumba Ilala, na gharama ya kuvuta gari mpaka Dar sitaki hata kuikumbuka.

Kwa hiyo kijana usimsikilize mtu anayekwambia beringi inazunguka vizuri. Inazunguka vizuri kwa sababu grisi imeisha. Shika mpya uisukume kwa kidole, utaona nzito, inasimama hapo hapo. Ya zamani isukume, itazunguka kama feni.

fundi_mstaafu
Kijana kwanza hongera kwa kutoa rejeta, wengi wanabana mikono humo ndani kwa uvivu halafu wanachana mapezi ya rejeta kwa spana.

Starta ACHANA NAYO. Najua watu wanafanya na wengine wanafanikiwa, lakini ile spana ikiteleza inakuja na meno yako au inatoboa kitu, na ukiwa umeshalegeza mkanda ndani halafu ukapiga starta umemaliza injini wewe mwenyewe kwa mkono wako. Hii EJ20 mkanda ukiachia, valvu na pistoni zinakutana, sio kama zile injini za 5A za Corolla za zamani ambazo mkanda ukikatika unavuta gari nyumbani unafunga mwingine maisha yanaendelea.

Gari yako ni otomatiki. Angalia pale juu injini inapoungana na gia boksi, karibu na chini ya throto, kuna kizibo cha mpira. King'oe. Ndani utaona ile sahani ya flaiwili ina matundu, zungusha injini taratibu mpaka tundu lije usawa, chomeka bisibisi nene ya chuma kizuri (sio ya kuchokoa rangi), injini haitazunguka tena. Hapo boliti itatoka. Wenye gari za manyuali wanaingiza gia ya tano mtu anakanyaga breki.

Ukifunga kurudisha tumia tok renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kwa mitambo hii boliti hiyo inakazwa karibu Nm 177, sio "nimekaza mpaka nimesikia". Ikilegea puli inacheza, inakula ile njia ya kii (kile kichuma kinachozuia puli isiteleze) kwenye krenki na hiyo ndio safari ya kununua krenki.

Sasa alama. Hapa ndipo wengi wanazikwa. Mshale USIUFUATE. Mshale ukiwa juu pistoni namba moja iko juu kabisa, hiyo ni ya shughuli nyingine. Toa puli, safisha kwa brashi na petroli kidogo, nyuma ya gia ya krenki kuna sahani yenye meno machache ambayo sensa inayasoma. Kwenye jino mojawapo, kwa nyuma, kuna kimstari kidogo kimechongwa. Hicho ndicho kinatazamana na kimstari kilichoko kwenye nyumba ya oili pampu, hapo hapo sensa ilipokaa. Kwenye kemu mbili nako kuna vimstari vinapanda juu kabisa, vinaingia usawa wa mikato ya kava la nyuma la plastiki. Kwa nini wakaweka hivyo? Kwa sababu kimstari kile kikiwa juu pistoni zote nne zimekaa katikati ya silinda, hakuna iliyo juu, hata kemu ikikuponyoka ikaruka haigongi pistoni. Mjapani alifikiria. Anayepanga kwa mshale anapanga vizuri kabisa kitu ambacho sicho.

Weka doti ya rangi nyeupe kwenye kila kimstari kabla hujatoa mkanda, rangi ya kucha ya mkeo inatosha. Piga na picha.

Pampu badilisha. Inazungushwa na mkanda huo huo, ikija kuvuja mwakani utafungua yote haya upya.

kijana_wa_goba
Mzee Mungu akuweke! Kizibo nimekiona, bisibisi imeingia, nimevuta mara moja ikalia KAA! nikadhani nimevunja kitu kumbe boliti ndio imetoka. Nilikaa chini kidogo nikanywa maji.

Shida ndogo, kava la kushoto boliti mbili zinazunguka bila kutoka, ile nati yake iliyozamishwa kwenye plastiki inazunguka nayo. Nimekata moja kichwa.

Dada @mama_wa_SG5 nimefanya hiyo ya kidole. Aisee. Ile ya meno iko sawa, mbili za laini moja inazunguka kimya lakini ya pili inalia krrrrr, na nilipoinama kwenye pampu ya zamani kuna kitundu kwa chini kina mstari mweupe umekauka wa kulanti. Kumbe ilikuwa inavuja kidogo kidogo, inakaukia hapo hapo.

mwana_wa_kisauni
Hizo nati za kava za kuzunguka ni ugonjwa wa Subaru zote, yangu hapa Mombasa na hii chumvi ya bahari ndo usiseme. Kata vichwa, kava likitoka utapata njia ya kuweka boliti na nati za kawaida na wesha, hamna mtu ataona.

Nataka kuongeza kitu fundi hajasema. Ukiwa umefika hapo angalia oili pampu, nyuma yake kuna bamba lina skrubu za bisibisi, nyingi huwa zimelegea zenyewe kwa miaka, oili inatoka pole pole na watu wanadhani ni sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) ya krenki. Kama unaona mafuta yamejaa huko chini toa pampu, skrubu zikaze na gundi ya nyuzi. Kama pakavu, wacha, usitafute kazi. Sili ya krenki na za kemu mimi ningebadili, ni vitu vya bei ndogo.

Na tenshena mpya inakuja na pini yake, USIIVUTE mpaka kila kitu kikae. Ndugu yangu aliivuta akiiangalia tu mkononi, paap, ikatoka.

kijana_wa_goba
@mwana_wa_kisauni naomba usinicheke… nimeivuta 🙈 nilidhani ni ya kusafirishia

mwana_wa_kisauni
Hahaha hujafa. Iweke kwenye jiliwa, imesimama vile inavyokaa kwenye injini, usiilaze. Bana POLE POLE, nasema robo mzunguko unasubiri, dakika tatu au zaidi, kwa sababu ndani ni mafuta na yanatakiwa yapite taratibu. Ukibana kwa nguvu unaua sili ya ndani. Tundu zikikutana chomeka kii ya alen ya mm 2. Fundi wa kuchomelea mageti yeyote hapo mtaani ana jiliwa.

spana_19
Si nilisema

fundi_mstaafu
@spana_19 ulisema nini? Kijana anaenda vizuri. Mimi nimeona walio na miaka ishirini kazini wakivuta hiyo pini.

Kijana, mkanda mpya una mistari mitatu iliyochorwa na mshale wa uelekeo. Mstari wa krenki kwa krenki, wa kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto. Kulia ni kulia kwa dereva aliyekaa kwenye kiti, sio kwako wewe uliyesimama mbele ya gari! Beringi moja ya chini iache ifungwe mwisho, utapata ulegevu wa kupitisha mkanda bila kuupindisha kwa bisibisi. Usiukunje, usiupake kitu. Mistari ikikaa yote ndio vuta pini, halafu zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili uelekeo wa saa. Ikigoma popote SIMAMA, usilazimishe.

kijana_wa_goba
Wakuu nipo. Jana giza lilinikuta, leo nimeendelea toka saa moja asubuhi. Pampu imefungwa, beringi, mkanda, mistari yote mitatu ilikaa safi nikapiga picha, pini nikavuta. Nimezungusha mizunguko miwili kwa spana. Haijagoma popote.

Lakini sasa mistari ya kwenye mkanda HAIPO tena kwenye alama! Wa kushoto umehama uko kule chini karibu na pampu. Nimezungusha tena miwili, ndio umezidi kupotea. Moyo unadunda, nimeruka meno? Niutoe?

mama_wa_SG5
Usitoe kitu!! Ngoja fundi.

fundi_mstaafu
Tulia kijana. Mistari ya kwenye mkanda kazi yake imeisha pale ulipovuta pini. Mkanda una meno mengi kuliko gia, kwa hiyo kila mizunguko unahama, mpaka mistari ile ije ikutane tena na alama utakuwa umezungusha mpaka mkono ung'oke. Unachoangalia sasa ni zile doti zako za rangi kwenye CHUMA. Baada ya mizunguko miwili ya krenki, kemu zimezunguka mara moja. Je kimstari cha krenki kiko juu, na vya kemu mbili viko juu kwenye mikato yake?

kijana_wa_goba
Krenki ndio. Kemu zote ndio, doti kwa mkato, kama nilivyoanza.

fundi_mstaafu
Basi funga kava ukawashe.

kijana_wa_goba
IMEWAKA!!! Ile sekunde ya kwanza ilizunguka kidogo nikafumba macho, halafu ikadaka. Iko kimya kuliko mwanzo, ule mlio wa krrr niliokuwa nadhani ni wa alteneta umepotea kabisa.

Ila baada ya kama dakika kumi sindano ya joto ikaanza kupanda kupita katikati na hita inatoa baridi, nikazima haraka. Kulanti nimejaza mpaka juu.

mwana_wa_kisauni
Hewa hiyo. Injini imelala, hewa inapenda kujificha. Ikipoa kabisa (usifungue ya moto, utaungua uso) fungua mfuniko na kile kizibo kidogo cha plastiki juu pembeni ya rejeta, jaza taratibu sana mpaka kulanti itoke kwenye kizibo bila mapovu, funga kizibo. Washa, weka hita moto wa mwisho, minyaminya lile bomba la juu la mpira kwa kitambaa, utaona inapiga chafya. Ongeza inaposhuka. Ukisikia hita inatoa moto na feni za rejeta zimewaka na kuzima zenyewe, umemaliza.

kijana_wa_goba
Imemeza karibu lita moja na nusu zaidi, ilikuwa inatoa mapovu kama soda. Hita sasa inachoma. Feni zimewaka, zimezima. Nimezunguka nayo mpaka Madale nikarudi, sindano haijatikisika. Nimeandika kwa maka kwenye kava: 139,412 na tarehe.

Imebaki boliti moja ya spana namba kumi mkononi, sijui ya wapi.

spana_19
Ya bamba la chini ya injini hiyo, upande wa kulia. Hata mimi huwa inanibaki.