Je, ufa wa mkato unaweza kulipita wimbi lake lenyewe?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Ninaunda modeli ya ufa wa mkato kwenye kompyuta, yaani ule ambao pande zake mbili huteleza bila kuachana, na nimeweka msuguano unaopungua kadiri utelezi unavyoongezeka. Ncha ya ufa huanza polepole, kisha ghafla huyapita mawimbi ya mkato, yaani mitetemo inayosukasuka kukingama na mwelekeo inakosafiri. Je, hilo ni kosa la hesabu?

Jibu la kwanza
Ndugu, si lazima liwe kosa. Mtaalamu wa matetemeko Andrews alionyesha mwaka 1976 kwamba mbele ya ncha hutangulia kilele cha mkazo kinachosafiri kwa kasi ya mawimbi hayo, na kikishinda nguvu ya msuguano, ufa mchanga huzaliwa mbele na kuungana na ule wa nyuma. Mwaka 1999 Rosakis na wenzake wa chuo cha Caltech, Marekani, walizipiga picha nyufa za namna hiyo katika plastiki angavu. Kwenye tetemeko la Palu, Indonesia, mwaka 2018, mpasuko wa ardhi ulikimbia takriban kilomita 4 kwa sekunde, kuyapita mawimbi ya mkato.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila kagua mambo mawili. Chukua nguvu ya juu ya msuguano utoe mkazo wa awali, kisha ugawanye kwa mkazo wa awali ukitoa msuguano wa mwisho. Katika modeli ya vipimo viwili, uwiano ukizidi takriban 1.77, mruko huo wa ncha kuyapita mawimbi unatia shaka kubwa. Pia punguza ukubwa wa vipande vya wavu, yaani vigawanyo vidogo vya modeli ambavyo kompyuta hukokotoa, hadi eneo dogo la nyuma ya ncha, ambamo msuguano unashuka, libebe vipande kadhaa.